Televisheni ya chogo kwenye hewa ya bahari: mwongozo kamili wa kuifufua na kuilinda isife tena

Mama mmoja wa Mikindani aliniletea televisheni ya inchi 21 nyuma ya bodaboda, imefungwa kwa kanga mbili. "Fundi, hizi za bapa sizitaki," akasema. "Nina mkanda wa harusi yangu, na deki bado inazunguka. Nataka nimwone baba yangu anavyocheza." Ilikuwa stoo tangu matangazo ya analojia yalipozimwa. Kabla sijapokea hata ncha ya kanga nikamuuliza: "Mama, mmeiwasha?" Akasema hawajaigusa. Nikamshukuru Mungu.

Televisheni iliyokaa miaka ukanda wa pwani yetu ya kusini mwa Tanzania, kutoka Msimbati hadi Lindi mjini, haifi stoo. Inauawa siku ya kwanza ya kuwashwa. Kapasita, vile vikopo vinavyohifadhi chaji, zimekauka, risasi ya kulehemu imepasuka kwenye miguu ya flaibaki, ile transfoma inayozalisha volti kubwa ya kioo, chumvi imelala juu ya bodi na kunyonya unyevu wa hewa. Ukichomeka plagi ya 230V juu ya hali hiyo, kifaa cha shilingi mia chache kinaondoka na flaibaki ambayo hutaipata Mtwara wala Kariakoo. Nilifanya kosa hilo nikiwa bado najifunza. Televisheni ilikuwa ya mzee jirani. Niliiwasha kwa pupa nione "ina nini", ukasikika mlio mmoja tu, na sikuweza kumrudishia kitu mpaka leo. Ndiyo maana mwongozo huu una mpangilio mmoja nisiokubali upinduliwe: tazama, toa chaji, safisha, lehemu, badilisha, pima, kisha ndipo uwashe.

Nyingi utakazokutana nazo huku ni za miaka ya 1990 na 2000. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara tulisubiri hadi 1994 vituo vilipoanza kurusha. Kwa hiyo ndani utakuta transista na aisii (IC, saketi nzima ndani ya kipande kimoja). Kitu pekee chenye utupu ndani yake ni kioo chenyewe, lile chogo. Zile zinazotumia valvu pekee, vile vichupa vya glasi vya zamani vilivyofanya kazi ya transista, ni nadra, nitazigusia baadaye.

Kutoa chaji

Kioo cha rangi cha inchi 14 hufanya kazi kwa takriban volti 20,000 hadi 23,000, na cha inchi 21 hufika karibu 25,000. Umeme huo hauondoki kwa kuchomoa plagi. Kioo chenyewe ni kama kapasita kubwa: ndani kimepakwa tabaka linalopitisha umeme, nje kimepakwa rangi nyeusi ya grafiti, na katikati kuna glasi. Chaji inaweza kukaa siku nyingi.

Chomoa plagi, subiri nusu saa, fungua mfuniko wa nyuma. Utaona waya mnene mwekundu au mweusi ukitoka kwenye flaibaki na kuingia kwenye kioo chini ya kikombe cha mpira. Tafuta pia waya wa kusuka usio na ganda unaovuka mgongo wa kioo juu ya ile rangi nyeusi. Huo ndio ethi yake. Chukua bisibisi ndefu bapa yenye mpini mzuri wa plastiki, ifungie waya wenye klipu za mamba, na upande wa pili ung'ate kwenye ule waya wa kusuka. Usitumie ethi ya chuma cha tyuna, kile kisanduku kinachopokea matangazo ya antena. Cheche ikipita kwenye bodi itaua aisii ambazo zilikuwa nzima. Mkono mmoja uweke nyuma ya mgongo. Kwa mkono mwingine sukuma ncha ya bisibisi chini ya kikombe mpaka iguse chuma cha ndani. Unaweza kusikia "tak!" au usisikie kitu. Subiri dakika kumi, rudia. Glasi hurudisha chaji kidogo kidogo, na wengi wanaopigwa hupigwa mara ya pili, wakishajiona salama.

Kisha upande wa umeme wa ukutani. Kapasita kubwa kuliko zote, ya 400V, huwa na takriban 325V. Iunganishe kwa sekunde kadhaa na globu ya wati 60 iliyo kwenye soketi yenye waya mbili zilizokingwa, halafu pima kwa mita uhakikishe imeshuka karibu na sifuri. Kuipiga shoti kwa bisibisi kunaharibu kapasita na kukurushia chuma kilichoyeyuka usoni.

Shingo ya kioo iheshimu. Ndani ni utupu, na glasi hapo ni nyembamba. Ukilazimika kukitoa kioo, kishike pembe za mbele, kilaze uso chini juu ya blanketi, vaa miwani. Glasi yake ina madini ya risasi, hivyo kioo kilichokufa kisiachwe uani watoto wakakivunja.

Chumvi kwanza, vumbi baadaye

Hapa mafundi wa bara hawatuelewi. Wao hupuliza vumbi, wakapaka spiriti, wakamaliza. Kwetu haitoshi, kwa sababu spiriti haiyeyushi chumvi. Utapiga mswaki mpaka bodi ing'ae, lakini chumvi imebaki palepale. Masika ikija, hewa ikilowa, inageuka njia ya umeme.

Anza kwa brashi laini kavu na pampu ya baiskeli. Tazama vilevile waliohamia humo: mende, kiota cha udongo cha nyigu, na zaidi ya yote mjusi. Katika ile ya Mikindani nilimkuta mjusi amekauka kama karatasi katikati ya miguu ya transista ya horizonto, ile inayoiendesha flaibaki, mkia umegusa bati la kupoozea. Laiti ingewashwa hivyo, ingeanza na yeye na kumalizia na transista.

Vumbi likiisha, chukua maji yaliyotoneshwa. Ukiyanunua kwenye duka la betri soma chupa mara mbili, maana asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo. Lowesha kitambaa cha pamba au mswaki laini, futa upande wa risasi wa bodi, kausha kwa kitambaa, rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Usilowanishe flaibaki, transfoma, spika wala koili za shingoni. Ndipo sasa spiriti ifuate, kazi yake kuyafukuza maji yaliyobaki. Acha bodi kivulini penye upepo siku nzima, ukiweza siku mbili. Petroli na mafuta ya taa yasikaribie: yanaacha utando, na vumbi jipya linaushika.

Glasi inayozunguka kikombe cha mpira ni sehemu ninayoikawilia kuliko zote. Volti 25,000 zikikuta vumbi lenye chumvi hutambaa juu ya glasi. Usiku ukizima taa utaona mwanga wa buluu na kusikia "chiii" kama samaki anaanza kukaanga. Toa kikombe, kifute ndani na nje kwa spiriti, futa glasi tupu inayokizunguka mpaka iteleze, lakini ile rangi nyeusi usiikwangue. Vikishakauka kabisa, paka grisi ya silikoni nyembamba kwenye ukingo wa kikombe na ukirudishe. Kikiwa kimepasuka, kibadilishe.

Risasi iliyopasuka

Nikiambiwa niondoke na ufundi mmoja tu, ningeuchukua huu. Vitu vizito na vya moto hupanuka na kusinyaa kila televisheni inapowashwa na kuzimwa. Baada ya miaka, risasi inayoshika mguu hupasuka kwa mduara. Ukiielekeza bodi kwenye mwanga wa jua ukaiinamisha, utaona pete nyembamba nyeusi imezunguka mguu, kama ukucha ulioachana na nyama. Tumia kioo cha kukuza. Chunguza miguu yote ya flaibaki, transista ya horizonto na katransfoma kadogo kanakoiendesha, aisii ya vatiko (inayotandaza picha juu na chini), plagi ya koili za shingoni, soketi ya bodi ya shingoni, na pale waya wa umeme unapoingia.

Kuyeyusha tu risasi ya zamani juu ya ufa hakutibu. Inyonye yote, kwangua mguu taratibu mpaka chuma king'ae, paka flaksi, kisha weka risasi mpya ya 60/40. Chuma cha kulehemu kikae mpaka risasi ipande yenyewe mguuni, halafu ondoa. Risasi nzuri ina umbo la mteremko unaong'aa. Ikiwa donge, hujalehemu.

Mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, juu na chini giza, maana yake upande wa vatiko umekufa, na mara nyingi sana tiba yake ni ufa kwenye mguu wa aisii, si aisii yenyewe. Ukikutana na mstari huo punguza mwanga haraka, usije ukachoma kovu la kudumu kwenye kioo.

Kapasita

Kapasita za elektroliti zina maji ya kikemikali ndani, na joto huyakausha. Zilizo jirani na mabati ya kupoozea hutangulia. Si lazima ivimbe tumbo ndipo iwe mbovu. Nyingi ninazotoa zina sura nzuri kabisa, ila upinzani wake wa ndani umepanda. Kama una mita ya ESR, inayopima upinzani huo, itumie. Kama huna, badilisha zile zinazojulikana kwa kufa.

Ya kwanza ni kale kadogo ka 22 hadi 100µF kando ya aisii au transista ya pawa, upande wa umeme wa ukutani. Kakikauka televisheni hukataa kuwaka, na katika baadhi ya saketi volti za upande wa pili hupanda na kuunguza mbele yote. Ya pili ni kapasita ya 250V, mara nyingi 10µF, inayolisha bodi ya shingoni. Ikichoka picha hung'aa kupita kiasi, hupakaza, na mistari myembamba ya kurudia, ile ya mwale ukirudi kuanza upya, huonekana. Ya tatu ni zile za vatiko, ambazo hufanya picha isinyae juu au ijikunje chini. Kisha ile inayochuja B+, volti kuu inayolisha upande wa horizonto.

Weka ya µF ileile, volti sawa au zaidi, na daraja la 105°C. Hasi na chanya zikague mara mbili. Halafu jihadhari na bandia. Niliwahi kununua ya 100µF 400V kwenye duka moja, nikaitilia shaka kwa wepesi wake, nikaipasua. Ndani ya kopo kubwa palikuwa na kakapasita kadogo kamezungushiwa karatasi. Tangu hapo kila kapasita naipima kabla haijaingia kwenye bodi.

Kuna moja usiyoruhusiwa kuifanyia makadirio: kapasita ya filamu ya 1,600V au 2,000V iliyo kati ya kolekta ya transista ya horizonto (mmoja wa miguu yake mitatu, pamoja na beisi na emita) na ethi. Ndiyo inayoshikilia volti ya kioo isipande. Ukiweka yenye thamani ndogo, au ikiachia, volti hupaa, cheche huruka, na kioo kinaweza kutoa mionzi ya eksirei kuliko kilivyokusudiwa. Thamani ileile, volti ileile, aina ileile.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Tengeneza kwanza globu ya seriesi: soketi moja imekatwa waya wa moto, na globu ya nyuzi ya wati 100 imeunganishwa pale palipokatwa. Ya LED haifai. Kukiwa na shoti, globu itawaka yote na televisheni itanusurika.

Chomoa plagi ya koili ya kuondoa sumaku, ile inayozunguka kioo, kwa kuwa hunyonya umeme mwingi mwanzoni na itakudanganya. Sasa toa transista ya horizonto na uipime nje ya bodi. Mita ikilia kati ya kolekta na emita pande zote mbili, imekufa. Lakini zipo aina, kama BU508D, zenye dayodi na rizista ndani yake, na kati ya beisi na emita zitaonyesha omu makumi machache tu. Hiyo si shoti. Vijana wengi huzitupa zikiwa nzima.

Wakati transista iko nje, unganisha globu ya wati 60 kati ya B+ na ethi ya upande wa pili, iwe mzigo wa muda. Washa kupitia globu ya seriesi. Ile ya seriesi inapaswa kumulika mara moja kisha ififie. Pima B+. Thamani yake mara nyingi imechapishwa kwenye bodi, na kwa televisheni za inchi 14 hadi 21 huwa kati ya 103V na 130V. Kumbuka ethi ni mbili: ukipima upande wa ukutani, waya mweusi wa mita uwe kwenye hasi ya kapasita kubwa. Ukipima upande wa pili, uwe kwenye chuma cha tyuna. Ukizichanganya kipimo chako ni uongo. Upande wa ukutani usiguswe kwa mkono kamwe, una umeme wa moto hata kwenye ethi yake.

B+ ikiwa juu, rudi kwenye kapasita na rizista za pawa. Usirudishe transista "tuone". Ikiwa sawa na imetulia dakika kumi, zima, toa chaji, rudisha transista pamoja na mika yake, kale kakaratasi ka kukinga umeme, na grisi mpya ya kupoozea, ondoa globu ya mzigo, washa tena kupitia seriesi. Sikiliza. Mlio mwembamba wa 15,625Hz ni wa horizonto. Sisi wazee wa kazi huenda tusiusikie, lakini mtoto wa jirani atakwambia "inalia". Kisha chungulia shingoni: nyuzi zipate rangi ya chungwa taratibu. Ukiona mwanga wa zambarau umejaa shingoni na cheche, hewa imeingia na kioo hicho hakina tiba. Vinginevyo, ondoa seriesi, rudisha koili ya sumaku, washa moja kwa moja.

Picha

Acha ipate moto nusu saa kabla ya kuhukumu rangi. Kioo kilicholala miaka kumi huamka kigoigoi, chekundu au kijani kimezidi, kisha hujinyoosha chenyewe. Kwenye flaibaki kuna vifundo viwili. Cha juu kwa kawaida ni cha kunoa picha, cha chini ni cha skrini. Cha skrini kikizidi mistari ya kurudia huonekana. Kirudishe mpaka ipotee, kisha kidogo zaidi. Rangi moja ikikosekana kabisa, kagua risasi na transista ya rangi hiyo bodi ya shingoni kabla ya kulaumu kioo.

Pete za sumaku shingoni na kabari za mpira usizisogeze. Ziliwekwa kiwandani kwa kioo hicho hicho kimoja, na ukizichezea utapoteza siku nzima kuzirudisha. Madoa ya kijani au zambarau kwenye pembe huwa ni sumaku tu: ondoa spika kubwa iliyo jirani, zima televisheni, iache ipoe nusu saa, iwashe. Ule mngurumo mfupi wa "mmm" mwanzoni ndio koili ikisafisha. Usiposikika, posista, kile kifaa kinachoipa koili umeme mwanzoni kisha kuupunguza, imekufa.

Kwa matangazo ya leo unahitaji king'amuzi chenye tundu za AV: njano picha, nyeupe na nyekundu sauti. Deki nayo hivyohivyo.

Ukipata ya valvu zote, usiiwashe hata kwa seriesi mpaka kapasita zake za karatasi zote zimebadilishwa. Na katika za Ulaya zenye PL509, GY501 na PD500, kile kizimba cha chuma kinachozifunika kirudi mahali pake kila mara, kwa kuwa PD500 hutoa eksirei. Hizo zinahitaji fundi aliyezizoea.

Kuizuia isife tena

Adui wa kwanza ni umeme unaopanda na kushuka. Nunua stebilaiza yenye kuchelewesha, na umeme ukikatika chomoa, subiri dakika tano baada ya kurudi. Mvua za Desemba hadi Aprili zikileta radi, chomoa plagi pamoja na waya wa antena. Wengi huchomoa plagi tu, radi ikaingilia antena.

Usiku usiizime kwa remoti. Ikiwa imelala kwa remoti, pawa inaendelea kufanya kazi na kapasita zinaendelea kukauka. Tumia swichi yake ya kubonyeza.

Iweke mbali na dirisha linalotazama bahari, mgongo wake uachane na ukuta kama shubiri moja. Na kile kitambaa kizuri cha kufuma ambacho kila nyumba yetu hukitandika juu ya televisheni, kitolewe. Matundu ya juu ndiyo pua yake. Yule mama wa Mikindani alinung'unika kidogo, "Fundi, itakuwa uchi." Tukakubaliana kitambaa kikae chini yake, mezani.

Wakati wa masika iwashe walau saa moja kila wiki hata kama hakuna cha kutazama, joto lake liufukuze unyevu. Mara moja kwa mwaka, masika yakiisha, irudi kwa fundi ifunguliwe, ifutwe chumvi, na miguu ya flaibaki itazamwe kwa kioo cha kukuza.

Kabla hujamkabidhi mwenyewe, irudishie mfuniko na uiache iwake saa nne mfululizo. Hitilafu za joto hujificha mpaka mfuniko ufungwe. Pima B+ tena mwishoni. Kisha andika ndani ya mfuniko kwa kalamu isiyofutika: tarehe, volti za B+, kapasita ulizobadilisha. Ya Mikindani nimeandika 112V na kapasita saba, na chini yake nimechora mjusi mdogo, fundi atakayeifungua baada yangu ajue pa kutazama kwanza.